Ubao Uliong'aa wa Darasa la Nne

Siku yangu ya kwanza kazini Mwalimu Mkuu alinikabidhi vitu vitatu: boksi la chaki, fimbo ya mpera, na karatasi ya manila iliyochorwa vyumba vyumba, kila chumba kina jina la mtoto. "Hii ni ramani ya darasa lako la nne, Mwalimu Mwanahawa," akaniambia. "Usiihamishe hata nukta." Nikaipokea kwa mikono miwili. Nilikuwa msichana wa mjini Tanga, ndiyo kwanza natoka chuo cha ualimu, na aliyesimama mbele yangu alikuwa mtu mzima aliyefunga tai katika joto la mashamba ya mkonge. Ningembishia kwa lipi?

Shule yenyewe ilikuwa ndani ya shamba, upande wa Muheza. Jina lake silitaji, kwa sababu majengo hayana kosa na waliokosa tulikuwa watu. Wazazi walikuwa wakata mkonge waliotoka Songea, Kigoma na Njombe, Wakatoliki na Walutheri, na wachache Wabondei wa vijiji vya jirani. Darasa langu lilikuwa na madawati kumi na sita, yale ya mbao ambayo kiti na meza vimeunganishwa na wanakaa watoto watatu watatu. Yalipangwa safu nne kutoka mbele kwenda nyuma. Safu ya kwanza iliegemea madirisha ya mashariki, ya nne iliegemea ukuta wa baraza, penye mlango.

Sasa nyie walimu vijana mnaosoma haya, sikilizeni ramani ile ilikuwa inasema nini. Kila mwisho wa mwezi tulitoa jaribio, tukasahihisha, tukapanga watoto kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Kisha watoto walihama. Wa juu walikwenda safu ya madirisha, waliofuata safu ya pili, na wale wa mkiani wakabeba mifuko yao hadi safu ya baraza. Watoto wenyewe waliipa safu ile jina, wakaiita Mwisho wa Reli. Siku ya kuhama palikuwa na vicheko na vilio darasani, na sisi walimu tuliona ni jambo jema, linawatia watoto bidii.

Nami nilihamisha. Sitaki mtu anisafishe hapa. Kwa miaka miwili mizima nilisimama na orodha yangu, nikiita majina kama karani wa gati, "Wewe nenda Mwisho wa Reli, wewe baki, wewe ulikuwa huko na utabaki huko huko." Jambo moja nililiona na nisilitilie maanani: aliyefika safu ile hakurudi. Mtoto aliyekuwa wa ishirini na tano angeteleza mwezi mmoja kwa homa, akapelekwa barazani, na mwezi uliofuata amekuwa wa arobaini. Nilisema moyoni, kumbe huyu alikuwa mjinga tangu zamani, alikuwa anabahatisha tu.

Katika watoto wale alikuwapo Anjelina, binti wa mkata mkonge mmoja Mngoni. Mtoto mwembamba, mkimya, mwandiko wake mzuri kuliko wangu. Aliteleza kwa homa hiyo hiyo niliyoitaja. Asubuhi moja nilimpa hesabu aitoe ubaoni aiweke daftarini, akaandika nane mahali pa tatu, na saba mahali pa moja. Nikamwuliza kwa nini ananakili ovyo. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Panang'aa, mwalimu." Nikadhani ananichezea. Ubao mweusi unang'aaje? Nikamchapa viboko viwili vya mkononi, akarudi kukaa, hakulisema tena neno lile.

Hapa lazima niwaeleze habari ya ubao. Mwaka mmoja kabla sijafika, Mkuu wa Wilaya alitarajiwa kuja shuleni, na Mwalimu Mkuu akataka mbao za madarasa zipendeze. Ubao wa kufundishia haupakwi rangi yoyote ile. Unataka weusi mkavu, uliofifia, unaoshika chaki na kumeza mwanga. Lakini yeye aliomba rangi ya shamba, ile nyeusi ya mafuta ya kupakia matrekta, akapaka ubao wa darasa la nne mara mbili. Mgeni akaja, akausifu, Mwalimu Mkuu akapigwa naye picha, wamesimama mbele ya ubao wake. Picha ile ilitundikwa ofisini. Ukiingia, unaiona kabla hujaona kiti.

Na kwa desturi yetu hesabu ilifundishwa vipindi viwili vya kwanza, akili ikiwa bado mbichi. Jua la mashariki lilikuwa linaingia kwa madirisha yasiyo na vibao, linagonga rangi ile ya matrekta, kisha linaruka upande wa pili. Upande wa pili ndiyo safu ya baraza. Mambo matatu tu, mtoto wa darasa la nne angeyaunganisha. Mimi mwenye cheti sikuyaunganisha.

Aliyenifungua macho alikuja kwa nia nyingine kabisa. Alikuwa Mkaguzi wa Shule, siku hizi mnawaita wathibiti ubora. Mtu mrefu, kalamu tatu mfukoni. Alisoma andalio langu la somo, yaani ule mpango mwalimu anaouandika kabla ya kipindi, akakunja midomo. "Leo nitafundisha mimi, uone somo la mfano," akasema. "Wewe kaa na wanafunzi."

Nafasi ilikuwa moja tu, Mwisho wa Reli, dawati la Anjelina. Nikajibana pale, magoti yamefika kidevuni, watoto wanajizuia kucheka. Mkaguzi akaandika hesabu ya kugawanya, akageuka. "Wewe binti, soma hesabu hii." Anjelina akasimama. Akakaza macho ubaoni. Mkaguzi akatabasamu. "Basi mwalimu wako akusaidie."

Nikainua macho. Jamani, sikuona kitu! Palikuwa na weupe unaowaka kama bati jipya saa sita, na ndani yake vimikwaruzo viwili vitatu vya chaki. Nikainama kulia, nikainama kushoto. Mwalimu Mkuu alikuwa mlangoni anatazama. Darasa zima linangoja. Na mdomo wangu ukatoa maneno yaleyale ya mtoto: "Panang'aa, bwana mkaguzi."

Darasa likaangua kicheko. Anjelina peke yake hakucheka. Alinitazama tu, mkono wake uko juu ya dawati karibu na wangu, na mimi nikautazama ule mkono nilioupiga. Aibu niliyoisikia wakati ule bado ninayo. Sijaitafutia dawa, na siitaki.

Mnajua Mkaguzi aliandika nini kwenye ripoti? "Mwalimu apimwe macho." Wallahi ndivyo alivyoandika. Nikaenda hospitali, wakaniambia macho yangu mazima. Nikarudi na karatasi ile, nikaiweka mezani kwa Mwalimu Mkuu, chini ya picha.

"Mwalimu Mkuu," nikasema, "shida ni ubao. Wale watoto wa baraza hawaoni. Naomba tuukwangue, na naomba kuwachanganya watoto."

Alikuwa anapiga mhuri, hakuinua uso. "Ubao ule ulisifiwa na Mkuu wa Wilaya."

"Hakukaa barazani."

Hapo akainua uso. "Sikiliza, mwalimu. Mtihani wa darasa la nne uko karibu. Wale kumi na mmoja wa safu yako ya mwisho nimeshawatoa. Hawatafanya. Watarudi darasa la tatu, wasituharibie wastani wa shule." Akavuta droo, akanionyesha orodha. Jina la Anjelina lilikuwa la nne.

"Watoto hawajafeli bado, mzee."

"Watafeli."

"Wewe umejuaje?"

"Wako Mwisho wa Reli!" akasema, na akaona amejibu.

Nilitoka ofisini mle kwa hasira. Msidhani kurudishwa darasa ni jambo dogo katika shamba la mkonge. Mtoto aliyerudishwa, baba yake alimwona amekwisha; wa kiume alikwenda kusomba mkonge kwenye troli, wa kike alibaki kambini kulea wadogo zake. Na Anjelina alikuwa na wadogo wanne. Nililijua hilo, Mwalimu Mkuu alilijua, kila mtu shambani alilijua.

Jumamosi iliyofuata niliingia darasani na msasa wa fundi seremala. Nilikuwa nimewaambia watoto waje wanaotaka. Wakaja karibu wote. Tukakwangua ile rangi ya matrekta mpaka mbao ikaonyesha nyuzi zake. Vumbi jeusi likatuingia puani, tukawa tunapiga chafya kwa zamu. Kisha nikawaonyesha kazi niliyojifunza chuoni: unaponda mkaa, unachanganya na unga mweusi wa ndani ya betri kuukuu za redio, unatwanga majani ya viazi vitamu upate utelezi wa kushikisha, unapaka kwa kitambaa, unaacha ukauke, unapaka tena. Ukimaliza, ubao hauna uzuri wowote. Ni mweusi wa masizi ya jiko. Ndivyo unavyotakiwa uwe.

Ramani ya manila nikaichana. Madawati tukayapanga nusu duara, mawili mawili kwenda nyuma, njia katikati ya kila jozi. Meza yangu nikaisukuma nyuma ya darasa, maana meza ya mwalimu ikikaa mbele inakula nafasi ya madawati mawili na inamfanya mwalimu akae. Nikajiwekea kipimo changu mwenyewe: kutoka popote nilipo, nimfikie mtoto yeyote kwa hatua tano. Nikipungukiwa, napanga upya. Watoto nikawakalisha mchanganyiko, anayejua kugawanya karibu na asiyejua, na wafupi mbele. Anjelina nilimweka katikati kabisa. Akatazama ubao muda mrefu, kisha akasema, "Mwalimu, sasa hapang'ai." Nikajifanya natafuta chaki chini ya meza.

Jumatatu Mwalimu Mkuu alipoingia alisimama mlangoni kama mtu aliyekosea nyumba. "Nani kafanya hivi?"

Watoto wote wakasimama. "Shikamoo mwalimu!"

Hakuitikia. "Mwalimu Mwanahawa, umeharibu mali ya serikali. Na hili duara ni la nini, mnacheza ngoma?"

"Ni nusu duara, mzee. Kaa popote utakapo, halafu nisomee ubao."

Hakukaa. Saa nne akaniletea barua, imepigwa mhuri mara mbili. Nilitakiwa nijieleze kwa maandishi, ndani ya siku saba, kwa nini nisichukuliwe hatua kwa kuharibu ubao na kuvuruga mpangilio wa darasa. Nikaikunja, nikaitia kwenye mkoba. Siku hiyohiyo nikapanda lori la shamba hadi kwa Mratibu Elimu Kata, msimamizi wa shule zote za kata, mama mmoja wa Kishambaa mwenye sauti ya chini. Sikumsimulia habari za barua. Nilimwomba aje kesho, kipindi cha kwanza, aje na lile jaribio analotaka yeye.

Alikuja. Akawapa wale kumi na mmoja hesabu zake mwenyewe, akasahihisha palepale, amekalia dawati. Alipomaliza akamwambia Mwalimu Mkuu, "Mwalimu, majina haya yarudishe." Akaongeza kwa upole uleule, "Na ubao huu usipakwe kitu." Majina yakarudi.

Walifanya mtihani wote. Tisa wakapita, Anjelina akiwa wa sita darasa zima. Wawili wakafeli, na mmoja wao, Kastori, alifeli kwa haki yake mwenyewe, maana alikuwa anaona ubao vizuri na anamtazama mbuzi dirishani. Mwalimu Mkuu aliwashika wale wawili kama ushahidi hadi mwisho wa mwaka. "Unaona?" akawa ananiambia kila tukikutana. "Unaona?" Naam, naona, nikamjibu, na wale tisa je, wewe unawaona? Mwezi wa kwanza nikapata uhamisho.

Walinipeleka kijiji cha pwani, karibu na Tongoni. Kule chumvi ya hewa ilikuwa inakula hata misumari ya madawati. Mwalimu Mkuu wa kule, mzee mpole wa Kidigo, alifungua faili langu siku ya kwanza akaguna. "Mwanangu, hapa pana barua haijajibiwa."

"Naijua, baba."

"Si uandike mistari miwili tu? Sema samahani, yaishe."

Nikamwambia sikuvunja kitu cha kuombea samahani. Akafunga faili, akaniuliza darasa lake la pili nitalipangaje. Nikawatoa watoto kwenye sakafu yenye unyevu, tukawakalisha kwenye mikeka ya ukindu iliyoshonwa na mama zao, ubao nikaushusha hadi usawa wa macho ya mtoto aliyekaa chini. Fundi aliyeutundika alikuwa amejipimia yeye mwenyewe, mtu wa futi sita! Watoto walikuwa wanafuta kwa kuruka.

Baadaye nikarudishwa mjini, shule moja pande za Usagara, ndani ya chumba kimoja watoto zaidi ya mia. Hapo nusu duara haiwezekani hata kwa dua. Lakini nilikataa kufundisha watoto nisioweza kuwafikia. Mwenye duka aliyekuwa jirani yetu, mzee wa Kihindi tuliyekuwa tukimwita Babu Karim, alinipa makasha ya chai, tukayafanya viti na rafu, tukapata njia mbili za kupita. Afisa Elimu alipokuja akaniambia, "Mwalimu, njia hizi zingekaa watoto kumi." Nikamjibu, "Zingekaa kumi, ningepoteza hamsini." Naye alikuwa ameshasoma faili. "Wewe ndiye wa ubao," akasema. Nikamwambia ndiye.

Barua ile ilinifuata kila mahali. Wenzangu niliotoka nao chuo walipanda daraja, wakawa wakuu wa shule, wengine wakaguzi. Mimi kila jina langu likifika mezani, mtu aliguna, "Huyu ana barua." Wakaniambia jeuri, wakaniambia mkaidi. Sawa. Nilikuwa mkaidi na bado ni mkaidi, na niwaambie nyinyi mnaoanza: atakayekuja kuwapangia darasa bila kukaa kwenye dawati la mwisho, msimpe darasa lenu. Mwambieni akae kwanza. Mwambieni asome ubao.

Siku naagwa kustaafu, Afisa Utumishi, kijana mwenye adabu, aliniweka kando. "Shikamoo mama. Faili lako linafungwa leo. Naomba nikuandikie mimi, wewe utie saini tu, 'najutia', basi."

"Marahaba mwanangu. Hapana."

"Mama, ni barua ya miaka mingi. Hata aliyeiandika ameshafariki."

"Mungu amrehemu. Hapana."

Mwezi uliopita nilikwenda Muheza kushonesha gauni. Fundi alikuwa mwanamke mnene, miwani puani, cherehani yake ameiweka dirisha likiwa kushoto. Nikamwambia amekaa vizuri, kivuli cha mkono hakiangukii sindano. Akavua miwani. "Shikamoo, mwalimu. Ni wewe uliyetufundisha. Dirisha kushoto kwa anayeandika."

"Marahaba... Anjelina?"

Akanishika mikono yote miwili, akaigeuza viganja juu, akaitazama kidogo. "Ulinichapa, mwalimu. Kisha ukakwangua ubao. Nakumbuka vyote viwili."

Hakusema kwa ubaya wala kunifariji. Akachukua utepe, akaanza kunipima mabega. Nami nimesimama pale, nikaelewa kwa nini miaka yote ile sikuweza kuandika mistari miwili. Nilikuwa nawaambia watu ni ujasiri. Ulikuwapo ujasiri, sikatai. Lakini walichotaka niungame si kosa, na kosa lenyewe hakuna aliyewahi kuniuliza.

Basi leo najibu, siku saba zimepita zamani. Nimeulizwa kwa nini nisichukuliwe hatua kwa kuharibu ubao na kuvuruga mpangilio wa darasa. Ubao niliukwangua mimi, kwa mikono yangu, na leo hii nikipewa msasa nitaukwangua tena. Mpangilio niliuvuruga, na ninautakia uvurugike kila uliko. Kosa langu ni jingine: mtoto aliniambia panang'aa, nikamchapa, na nilichelewa miaka miwili kwenda kukaa kwenye safu yake. Kwa hilo ndilo nichukuliwe hatua. Nimetia saini.